Sarajevo Pamoja na Mama: Usafiri, Saa za Swala na Mengineyo



Tangu turejee kutoka Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, hapana wiki ipitayo bila ya mama mmoja kutusimamisha, ikiwa ni msikitini baada ya darsa au ni sokoni, akatuuliza maswali yale yale. Mlifikaje huko? Wanawake huswali wapi? Chakula je? Na zaidi ya yote: mlimchukuaje Mama, na magoti yake tunayajua? Tumeona ni vyema tuyajibu kwa maandishi, ili atakaye kwenda apate pa kuanzia.

Tulikuwa watu wanne: Mama yetu, ambaye ametimiza miaka sabini na mmoja, sisi dada wawili, na kaka yetu aliyefuatana nasi kuwa mahram wetu. Aliyeichagua safari ni Mama. Wakati wa vita vya Bosnia, katika miaka ya tisini, misikiti ya mtaani kwetu ilikuwa ikisoma qunuti kwa ajili ya watu wale, na kina mama walikuwa wakichanga nguo na fedha wasizokuwa nazo. Mama alikuwa mmoja wao. Tokea hapo amekuwa akisema kwamba Mwenyezi Mungu akimpa umri angependa kuwatolea salamu watu wale kwao. Daktari alimruhusu kwa sharti moja: asipande ngazi nyingi wala asisimame muda mrefu. Basi kila tutakalolieleza hapa, la tramu na la teksi, tulilipima kwa magoti yale kabla ya kulipima kwa fedha.

Tuanze na makaratasi. Bosnia haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, na mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza. Mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi hupata nafuu kwa masharti fulani, na masharti hayo yafaa yaulizwe kwenye ubalozi wao kabla ya kununua tiketi, si baada yake. Mkifika, hoteli au mwenye nyumba hutakiwa kuwaandikisha kwa polisi wa wageni. Muulizeni siku hiyo hiyo kama ameshafanya. Fedha yao huitwa marka, nayo imefungwa kwa euro: euro moja ni marka 1.95 na ushei, kwa hivyo hesabu yake ni nyepesi, unagawa kwa mbili tu. Shilingi yetu hakuna aijuaye. Chukueni euro.

Njia iliyo nyepesi kwetu sisi wa pwani ni kupitia Istanbul. Uwanja wa ndege wa Sarajevo ni mdogo na uko upande wa magharibi wa mji, karibu na kitongoji cha Ilidža, wala si mbali na katikati ya mji. Lipo basi la uwanjani linalokwenda hadi mji wa kale, lakini halingojei kila ndege, na aliye na mgonjwa asilitegemee sana. Sisi tulichukua teksi. Dereva wa kwanza aliyetulaki mlangoni alitutajia bei kabla hata hajaugusa mzigo, na kaka yetu alipomwomba awashe mita akasema imeharibika. Tukamshukuru kwa adabu, tukavuta masanduku hadi penye foleni ya teksi, na dereva wa pili akawasha mita bila ya kuambiwa. Tulipofika, mita ilisoma chini ya nusu ya ile bei ya mwanzo. Neno lenyewe kwao ni taksimetar, nalo latosha. Huna haja ya kujua lugha zaidi ya hapo.

Kuhusu mahali pa kulala, hapa pana siri ambayo matangazo ya nyumba hayaisemi. Sarajevo imekaa bondeni, ndefu na nyembamba, kufuata mto Miljacka, na milima imeuzunguka pande zote. Bondeni ni tambarare. Lakini ukiuacha mto kwa hatua mia mbili tu, mitaa inaanza kupanda, na inapanda kwelikweli, kama ngazi isiyo na vidato. Nyumba za huko juu ni rahisi kwa bei na huuona mji wote chini yake. Tangazo litakwambia ni dakika tano kutoka Baščaršija, na ni kweli, dakika tano za kuteremka. Kurudi ni shauri jingine. Tulilipa zaidi kidogo tukakaa karibu na mto, na hatukuijutia hata marka moja.

Umbo hilo la mji ndilo lililoifanya tramu kuwa neema kwetu. Reli hufuata bonde, haipandi mlima, na karibu kila anachokitafuta mgeni kiko kando yake. Tramu ya kwanza ya Sarajevo ilikokotwa na farasi, ikaanza kazi mwaka 1885 katika enzi ya utawala wa Austria na Hungaria, na mwaka 1895 ikatiwa umeme. Kwa mgeni, ya kukumbukwa zaidi ni namba 3. Hutoka Ilidža, magharibi kabisa, ikaja hadi Baščaršija, mashariki, ikauzunguka mji wa kale na kurejea ilikotoka. Ndani ya mzunguko huo tramu zote huelekea upande mmoja, kwa hivyo usihangaike kukitafuta kituo cha kurudi ng'ambo ya barabara, hakipo. Panda pale pale uliposhukia. Namba 1 ndiyo iendayo stesheni ya gari la moshi.

Tramu si zote sawa. Yako mabehewa mapya ambayo sakafu yake iko chini, mzee huingia kama aingiavyo chumbani kwake. Na yako ya zamani, yenye ngazi ndefu na nyembamba. Tulijifunza kuiacha tramu kuukuu ipite na kungoja nyingine, na kwa kawaida hatukungoja sana. Vijana wa kule husimama kumpisha mzee, na hawangoji kuombwa. Siku ya kwanza Mama aliona haya. Siku ya pili alikuwa akiinamisha kichwa kwa shukrani na kuketi kama mwenyeji.

Tiketi hununuliwa kwenye vibanda vya magazeti vilivyo karibu na vituo, na ukishapanda ni lazima uihakikishe kwenye kimashine kilichomo ndani. Usisahau jambo hili. Wakaguzi huingia ghafla, wamevaa kiraia, na mwenye tiketi isiyohakikishwa kwao ni sawa na asiye na tiketi: hutozwa faini pale pale, awe mgeni au mwenyeji. Tulimwona bibi mmoja mtalii akilia machozi, tiketi iko mkononi.

Pamoja na tramu kuna mabasi ya kawaida na mabasi ya umeme yenye pembe mbili juu, yaani trolibasi. Namba 103 huanzia Trg Austrije, kando ya mto, hadi Dobrinja, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege. Msafiri mwepesi, asiye na mzigo, aweza kushukia huko na kwenda uwanjani kwa miguu. Kwetu halikuwa la kufikiriwa. Neno moja kwa wale watakaounganisha safari: Sarajevo ina vituo viwili vya mabasi ya mbali. Kimoja kiko jirani na stesheni ya gari la moshi, na kingine kiko Sarajevo Mashariki, upande wa Lukavica, ambako ndiko hutoka mabasi mengi ya Belgrade. Tazama vizuri tiketi yako imeandikwa kituo gani, maana baina ya viwili hivyo ni safari ya kutosha kuachwa na basi.

Sasa tuje kwenye mji wa kale, Baščaršija. Vijia vyake ni vya mawe, vyembamba, maduka madogo ya mbao yamepangana huku na huku, mafundi wa shaba wanagonga nyundo zao, na katikati upo uwanja wenye sebilj, yaani chemchemi ya sabili, ambako kila apitaye hunywa maji. Aliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa hatajiona mgeni hapo, ila kwa baridi. Hata lugha yao, ambayo haina udugu wowote na yetu, imechukua maneno kwa Waturuki, nao Waturuki waliyachukua kwa Waarabu na Waajemi, kwa hivyo tulikuwa tukiyaokota njiani kama lulu. Duka ni dućan. Sanduku ni sanduk. Sabuni ni sapun. Kahawa ni kahva, na bakshishi ni bakšiš. Mama alifanya mchezo wa kuyahesabu.

Lakini kilichotupendeza kuliko vyote ni saa ya mnara ulio karibu na msikiti wa Gazi Husrev-beg. Wenyewe huuita Sahat-kula. Mishale yake haifuati saa ya Ulaya. Hufuata jua: jua linapotua, saa ile husoma kumi na mbili, na siku mpya huanza hapo. Kwa kuwa machweo hubadilika kila siku, yuko mtu maalumu, muvekit, ambaye kazi yake ni kupanda mnarani na kuirekebisha. Tulipokuwa tumesimama chini yake, watalii wawili walikuwa wakielezana kwamba saa hiyo imeharibika. Mama akaitazama, akatazama na anga, akatuambia, "Wanangu, mbona hii ni saa yetu?" Na ni yetu kwelikweli, tofauti ni kwamba sisi karibu na ikweta jua letu halitangitangi, kwa hivyo hatuna haja ya mtu wa kupanda mnarani.

Hapo ndipo penye jambo la kuangaliwa na kila Mwislamu aendaye huko. Sisi tumezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kule, katikati ya Novemba, jua hutua saa kumi na dakika ishirini hivi alasiri. Na katika Juni hutua saa mbili na nusu za usiku. Katika siku zetu za Novemba, baina ya adhuhuri na isha hazikufika saa saba, na alasiri ilikuwa ikiingia saa nane na dakika chache. Ukisema utazunguka kwanza halafu uswali, utashtukia wakati umetoka. Tuliipanga siku kwa swala, na matembezi yakajazwa baina yake. Ratiba huandikwa milangoni mwa misikiti kwa majina yao: sabah, podne, ikindija, akšam na jacija. Yanafaa yashikwe kichwani.

Msikiti wa Gazi Husrev-beg ulijengwa mwaka 1530 na liwali wa Kiothmani aliyeacha wakfu mkubwa mjini humo. Madrasa yake ilianzishwa 1537 na hadi leo inasomesha. Watalii hulipa kiingilio, na hufungiwa nje wakati wa swala. Anayekwenda kuswali halipi. Wanawake wana sehemu yao, na Mama alipewa kiti bila ya sisi kusema neno. Hata hivyo tuwaambie dada zetu jambo ambalo vitabu vya wasafiri havilisemi: vyoo vya hotelini na vya mikahawani kwa wingi havina maji ya kustanji. Chukueni chupa ndogo mkobani. Misikitini maji yapo, na katika Novemba ni baridi ya kuuma mifupa, kwa hivyo soksi nene, au khofu kwa mwenye kujua hukumu zake, ni katika vitu vya kwanza vya kutia sandukuni.

Sasa ile sababu iliyotupeleka. Sarajevo ilizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425, nayo ndiyo iliyokuwa mazingiwa marefu kabisa ya mji mkuu katika historia ya sasa. Milimani walikuwa wazingiaji na mizinga yao, na uwanja wa ndege ulikuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1993 watu wa mji walichimba njia ya chini kwa chini, ikapita chini ya uwanja ule ule wa ndege, kutoka Dobrinja hadi Butmir, mita zipatazo 800. Kwa njia hiyo ndiyo waliingiza unga, mafuta na dawa, na kuwatoa majeruhi. Nyumba ulikotokea mdomo wa njia hiyo, upande wa Butmir, sasa ni makumbusho. Kufika kwake si kugumu: tramu namba 3 hadi mwisho, Ilidža, kisha teksi ya mwendo mfupi. Mwambieni dereva arudi baada ya saa moja na nusu, kwani barabara ile haina teksi za kupita pita.

Sehemu ya njia iliyohifadhiwa kwa wageni ni fupi, mita ishirini hivi, lakini ngazi zipo, na tulikuwa tumekubaliana tangu nyumbani kwamba Mama atakaa juu. Tulipofika alitusikiliza, akatwaa fimbo yake, akaanza kuteremka. Dada mkubwa akamtangulia kinyumenyume, wa pili akamshika nyuma. Kimo cha njia ile ni kama mita moja na sitini, upana hauzidi mita moja. Kaka yetu, mrefu, alikwenda ameinama akijigonga kichwa. Mama, ambaye ni mfupi, alipita wima, akipapasa ukuta kwa mkono. Hakusema kitu. Katikati alisimama, tukadhani magoti yamekataa. Alikuwa akisoma Faatiha.

Huko juu wanasimulia kwamba bibi mwenye nyumba ile, Šida Kolar, alikuwa akisimama mlangoni na maji ya kunywa, akimpa kila aliyetoka chini. Mama alituambia tumtafsirie mlinzi wa mahali pale kwamba yeye ametoka pwani ya Afrika, na kwamba huko nako watu waliwaombea. Kaka akaeleza kwa Kiingereza. Mlinzi, mtu mzima mwenye mvi, akavua kofia yake, akauliza Mombasa iko upande gani. Hatukuweza kumwonyesha sawasawa, lakini alikuwa akitazama tulikoelekeza kidole.

Siku nyingine tulizichukua kwa upole. Gari la kamba lipandalo mlima Trebević, lililofunguliwa tena Aprili 2018 baada ya lile la zamani kuharibiwa vitani, huchukua dakika zisizofika kumi, na mzee hukaa kitako tangu chini hadi juu. Ilidža kuna magari ya farasi yanayopita njia ndefu iliyopandwa miti hadi Vrelo Bosne, chemchemi ya mto Bosna. Patana bei kwanza, ndipo upande. Mostar tulikwenda kwa gari la moshi, saa mbili za kupita kando ya mto Neretva, na dirisha lile lilikuwa bora kuliko filamu yoyote. Safari za treni hiyo ni chache kwa siku, kwa hivyo saa ya kurudi ijulikane kabla ya kuondoka. Daraja la kale la huko, lililobomolewa Novemba 1993 na kufunguliwa upya 2004, limepinda juu na mawe yake yanateleza. Mama alilitazama kutoka ukingoni, akasema yamtosha.

Chakula hakikutusumbua katika mji wa kale, ambako nyama za kuchoma, ćevapi, na maandazi ya nyama, burek, huuzwa na Waislamu, na baadhi ya mikahawa haiuzi pombe kabisa. Nje ya hapo mji ni wa watu wote, misikiti, makanisa na sinagogi vikiwa hatua chache baina yao, basi mtu hana budi kuuliza. Hawachukii kuulizwa.

La mwisho ni ukungu. Kwa kuwa mji uko bondeni, ukungu wa majira ya baridi hulala juu ya uwanja wa ndege, na ndege huchelewa, hugeuzwa au hufutwa. Usiunganishe safari kwa saa moja ya kungojea Istanbul. Tulikuwa tumemchukulia Mama dawa za siku tano zaidi, zote katika mkoba wa mkononi, na vizuri tulifanya hivyo. Asubuhi ya kuondoka hatukuweza kuiona hata njia ya ndege. Tulikaa uwanjani toka alfajiri. Mama akaagiza kahva, ile inayoletwa na birika yake ya shaba na kipande cha halua, akamaliza, akaagiza nyingine. Kiasi cha saa sita za mchana ukungu ukainuka, na tukaitwa.